Ngozi Mbichi na Kiti cha Kamera

Mjukuu wangu wa kike ni dereva wa watalii hapa Karatu. Ana kidude cha plastiki anachokibandika kwenye kioo cha mbele cha gari, anakitia simu, na simu inampiga picha huku anaendesha na kuongea. Siku moja alinipeleka zahanati kwa gari hilo, akaniambia, "Bibi, angalia simu, sema neno." Nilinyoosha mkono nikakishika kile kidude, nikakitikisa kuona kama kimekaza.

"Bibi, hicho hakianguki," akasema. "Kinanyonya kioo."

Nikamwambia siogopi kianguke. Kikianguka utakiona. Mimi naogopa kile kinacholegea kidogo kidogo mtu asione.

Akataka nimweleze, nikashindwa. Ndiyo maana nimeomba daftari. Nimesoma darasa la tatu tu, shule ya misheni, mwandiko wangu ni mkubwa kama wa mtoto, lakini nakumbuka. Majina ndiyo nakumbuka zaidi. La mwenye duka ninalo, la Mzungu ninalo, na la baba yake Mzungu alilolitaja mara moja tu akiwa anakunywa chai. Hata majina ya maksai wetu ninayo, na tabia ya kila mmoja. Lakini hapa sitaandika hata moja. Wengine wana wajukuu hapa mjini, na lipo jina moja ambalo nikiliandika kalamu haitaendelea.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya uhuru. Mume wangu alikuwa fundi wa nira na plau. Tulikaa njia ya Mbulumbulu, pale unapouacha mji na mashamba ya ngano yanaanza. Mkulima akivunjikiwa na mkono wa plau, au gurudumu la mkokoteni likichomoka, anakuja kwake. Na dawa yake ilikuwa moja, ngozi mbichi ya ng'ombe. Anaikata ukanda mrefu kwa kuizungusha, kuanzia ukingoni mpaka katikati, anauloweka mpaka unakuwa laini kama utumbo, kisha anafunga palipovunjika akiuvuta kwa meno huku amekanyaga kwa mguu. Halafu juani. Ukanda ukikauka unajikaza wenyewe, unabana kuliko mkono wa mtu, na ukiugonga unalia kama ubao. Kwetu kila kitu kilifungwa hivyo, mpini wa jembe, kigoda, mlango, na kitanda tulicholalia.

Sasa akaja huyo Mzungu. Hakuwa wa mashamba, wa mashamba tuliwajua. Huyu alikuja na Landrova ya kuazima na masanduku ya bati, akafikia nyuma ya duka la Mwislamu mmoja mjini, mtu ambaye baba yake alitoka Kondoa. Alikuwa anatengeneza sinema ya Ngorongoro. Wanyama alikwisha kuwapiga wengi. Sasa alitaka kuwapiga watu ndani ya gari, watu wa hapa ambao hawajawahi kushuka kule chini, aone nyuso zao zinavyobadilika wakiona. Watu hao tulikuwa tele. Mlima tuliuona kila asubuhi, nyati wake walikuja kula maharage yetu, lakini kule ndani nani angekupeleka?

Shida yake ilikuwa kamera. Ilikuwa nzito kama mtoto mchanga, na gari aliliendesha mwenyewe. Alitaka ikae mbele, chini ya kioo, iwatazame waliokaa kwenye viti, yeye akibonyeza tu. Mwenye duka ndiye aliyemleta kwetu.

"Fundi," akasema, "huyu bwana anataka kiti."

"Kiti cha nini?"

"Cha kamera. Ikae hapa mbele isicheze. Na gari usilitoboe hata tundu la sindano. Si lake."

Mume wangu akaingiza kichwa ndani ya gari akakaa humo muda. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na binti yetu mgongoni. Alikuwa mtoto wetu wa kwanza, ameshaanza kuwajibu watu wazima, na hapo alikuwa ananiuliza kwa lugha yetu kwa nini baba yake anataka kuingia kwenye tumbo la gari.

"Nina waya dukani," mwenye duka akasema.

"Waya unakata mti."

"Nina mpira wa tairi."

"Mpira unaruka. Barabara iruke, na mpira uruke, sinema yake itakuwa ya watu wanaocheza ngoma."

"Basi najua unachotaka kusema. Fundi, lakini hii ni kamera, si ng'ombe."

"Ng'ombe ana nguvu kuliko kamera," mume wangu akasema, "na hajawahi kunikatia ukanda."

Mwenye duka alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Mzungu akaomba aambiwe, akaambiwa, naye akacheka.

Kiti kile nilikiona kikizaliwa. Alikata mti wa mringaringa, akachonga bakuli la kulalia tumbo la kamera, ndani akatandika ngozi ya kondoo yenye manyoya ili isigonge. Chini ya bakuli ukaja mguu mmoja mrefu unaosimama kwenye sakafu ya gari. Katikati ya bakuli na mguu palikuwa na shingo, mti mwembamba unaoweza kuinamishwa na kuinuliwa. Shingo ile aliifunga kwa ngozi mbichi, mzunguko juu ya mzunguko, ukanda wa mwisho akiuacha bado, na mguu akaufunga kwenye ule mkono wa chuma ambao abiria anajishikia. Hakutoboa kitu. Kisha akaacha milango wazi juani, akawa anafukuza kuku kwenye viti mpaka ukanda ukakauka.

Alipougonga ukalia, Mzungu alifungua kioo cha mbele akakilaza juu ya boneti, maana Landrova za wakati ule kioo kilikuwa kinalala. Akapanda kwenye boneti, akalala kifudifudi, jicho moja kwenye kamera. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti na mtoto mapajani. Akaziinua na kuzishusha shingo na bakuli mpaka akaridhika, mume wangu akakazia ukanda wa mwisho na tukasubiri jua tena. Ulipokauka, Mzungu alitazama mara ya pili, akamwita mume wangu naye aone. Mwanamume mzima, suruali yake ya kazi, akalala kwenye boneti ya gari la mtu. Alikaa pale mpaka mwenye duka akamwuliza kama amelala usingizi.

"Umeona nini?" nikamwuliza aliposhuka.

"Nimewaona. Mmekuwa wadogo. Wewe na huyu, wote mmetosha, hakuna kilichokatwa."

Asubuhi ya safari mama mkwe wangu alikuwa mlangoni kabla yetu. Alikuwa amenishikia mtoto nivae.

"Nenda kawatazame nyati," akaniambia. "Wakiuliza habari zangu, waambie maharage yangu bado wanadaiwa."

"Nitawaambia, mama."

"Na wewe," akamwambia mjukuu wake, "usimwage uji kwenye gari la watu."

Nilivaa kaniki yangu mpya. Mtoto nilimfunga kamba ya shanga nyekundu mguuni, juu kidogo ya kifundo, ambayo bibi yake alimtungia. Tulikaa mbele, mimi na yeye mapajani, kamera inatutazama. Mzungu kwenye usukani. Mume wangu nyuma, chini ya turubai, maana Mzungu alisema wawili wanatosha kwenye picha.

Ukishapita msitu, juu kule kwenye ukingo, hali ya hewa si ya Karatu. Watu wa Karatu tunajua lakini tunasahau. Nyumbani tuliacha jua na vumbi, juu tukakuta ukungu umeziba kila kitu, na manyunyu. Huwezi kuona mti ulioko kando ya njia. Mzungu akasimamisha gari, akasema tungoje ukungu upande juu, kwa sababu hawezi kushuka ile njia bila kuiona. Tukangoja. Kioo kikajaa mvuke wa pumzi zetu, akawa anakifuta kwa mkono, kinajaa tena. Basi akafungua vile vifuniko viwili vya hewa vilivyoko chini ya kioo, pale pale nyuma ya kamera. Ukungu ukawa unaingia kama moshi, baridi, na maji madogo madogo. Kamera alikuwa ameifunika mfuko. Kiti hakikufunikwa, nani anafunika kiti?

Tulikaa hivyo karibu asubuhi nzima. Mtoto akalala, akaamka, akala muhindi wa kuchoma tuliobeba. Ikaja harufu. Harufu ya zizi, ya ngozi iliyolowa. Nikatazama kaniki yangu, nikanusa nywele za mtoto. Nilidhani ni sisi. Nikaona aibu mbele ya yule Mzungu, nikamvuta mtoto karibu na nikakaa kimya. Mume wangu huko nyuma upepo ulikuwa unapita chini ya turubai, hakunusa kitu.

Ukungu ukapanda. Nikaona. Sijui niseme nini kuhusu kule chini. Wanaokwenda siku hizi wameshaona kwenye picha kabla ya kufika. Mimi nilidhani nitaona shimo. Niliona nchi nyingine, ina ziwa lake na jua lake.

Njia ya kushuka ilikuwa ya mawe, gari linaruka, kila kitu kinapiga kelele. Kufika chini jua kali, vumbi, nyumbu mpaka macho yanachoka, na maboma ya Wamasai kwa mbali na ng'ombe wao katikati ya pundamilia. Mzungu akajaza kamera ufunguo kama mtu anayejaza saa, akabonyeza, nayo ikaanza kuvuma kama mzinga.

"Hapana tazama kamera," akatuambia. "Tazama nje. Wewe tazama nje."

Hakuhitaji kutuambia. Mtoto alikuwa amesimama kwenye mapaja yangu, ananikanyaga, anashika mlango. Alipoona pundamilia aliuliza nani amewachora. Nikamwambia Mungu. Akauliza kwa nini hakuwachora punda wetu. Baba yake akajibu kutoka nyuma kwamba rangi iliisha.

"Iliishia kwa nani?"

"Kwa huyo wa mwisho pale, mwenye shingo ndefu."

"Huyo ni twiga, baba?"

"Huyo ni pundamilia amenyoosha shingo. Twiga hawashuki huku."

Kisha tukamkuta faru na mtoto wake. Kamera ilivuma kwa muda mrefu hapo. Mtoto wangu akanyamaza. Sikuuona uso wake, alikuwa amenipa mgongo, amelikazia macho dirisha. Niliona masikio yake tu na shingo. Niliona Mzungu anamtazama, anatabasamu, na anatazama kamera, na anatabasamu zaidi. Nikajua kitu kizuri kimeingia mle.

Kutazama ndani ya kamera hakuweza. Jicho la kutazamia lilikuwa upande wa kioo, ilibidi kioo kilazwe na mtu apande kwenye boneti, na kule chini hakuna ruhusa ya kutoka kwenye gari. Simba walikuwa wamelala hapo, unawaona mikia. Kwa hiyo alibonyeza tu, akajaza, akabonyeza, akabadilisha mkanda wa sinema mkono ukiwa ndani ya mfuko mweusi.

Tuliporudi kwetu jua bado lipo, alishuka akakigonga kiti kwa kidole. Ukanda ukalia kama ubao. Akakishika kwa mikono miwili akakitikisa, gari lote likatikisika na kiti hakikutoka. "Fundi," akasema, "wewe hodari sana." Akampa mkono. Mume wangu alifurahi. Alitembea na furaha ile siku nyingi, alikuwa akifunga plau ya mtu anamweleza habari ya kamera.

Mzungu alisema mikanda inakwenda Ulaya kuoshwa, ikirudi atakuja kutuonyesha. Akaondoka.

Mvua za masika zikaja, na surua ikaja nazo. Ilianza upande wa juu ikashuka nyumba kwa nyumba. Njia ilikuwa tope, magari yamekwama, mto umejaa. Mume wangu alimbeba mtoto mgongoni akaenda naye mpaka mtoni, njia ya hospitali, akarudi, akajaribu tena kesho yake, akarudi. Sitaandika zaidi ya hapo. Mama mkwe alimwosha.

Kwetu Wambulu, wakati ule, mtoto akifa nyumba ile inakaa kando. Tunaita metimani. Huingii nyumba ya mtu, na mtu haingii kwako. Huombi moto kwa jirani, hukai penye pombe, hupiti kwenye kundi la ng'ombe wa mwenzako. Maji unachota chini ya wengine, ili yaliyokugusa yasiwafikie. Si kwamba watu wanakuchukia. Wanasimama mbali na kukupa pole kwa sauti, na wewe unajibu kwa sauti, halafu kila mmoja anashika njia yake. Mpaka muda uishe. Kazi pia ikasimama. Nani angeleta plau kwenye nyumba ya namna hiyo? Tulikuwa sisi wawili na mama mkwe, na kitanda, na mvua.

Katika siku hizo mume wangu alisema kitu usiku na mchana, hata bila kuulizwa. "Yupo," anasema. "Kwenye ile sinema yupo. Nilimwona ndani yake kwa jicho langu."

Mimi nilikuwa nimeanza kumpoteza. Watu hawaelewi nikisema hivi. Sauti yake nilikuwa nayo, maneno yake yote ninayo hadi leo. Uso ulikuwa unakuja na kuondoka, nikiutazama unageuka wa mdogo wangu, au unageuka wa mtoto wa jirani. Picha hatukuwa nayo hata moja, nani alikuwa na picha? Kwa hiyo nikaishika sinema. Nilikuwa nikiamka naiwaza inavyooshwa huko Ulaya, nawaza wasije wakaiunguza.

"Na ukishamwona," mama mkwe akaniuliza siku moja, tunachambua maharage, "utafanya nini?"

Nikaendelea kuchambua.

"Nauliza tu, mwanangu," akasema. "Nami nataka kumwona."

Mwenye duka alikuja kwa baiskeli mvua zilipokatika. Akasimama kwenye uzio, hakuvuka, kwa heshima ya mila isiyo yake.

"Pole sana mama. Pole fundi."

"Tumeshapoa," tukasema.

"Yule Mzungu karudi, na sinema anayo. Nimemwambia habari zenu, hakuweza kula. Kesho anaionyesha stoo kwangu mchana, nimeziba madirisha kwa magunia. Mji mzima unakuja."

"Sisi hatuwezi kuingia," mume wangu akasema.

"Najua. Mimi mila yenu hainifungi, lakini inawafunga wateja wangu, na wakiwaona mmekaa nao watatoka wote." Akainamia baiskeli yake, akawa anachokonoa tope kwenye kengele. "Ila stoo ina mlango wa nyuma. Mahindi yamekwisha, upande ule ni mtupu. Shuka nimelitundika katikati. Picha inapenya, nimejaribu. Mkikaa nyuma ya shuka hamjakaa na mtu."

Mume wangu akanitazama. Mama mkwe, ambaye kwa mila alikuwa mkali kuliko sisi wote, ndiye aliyesema, "Shuka ni ukuta."

Kesho yake tulipita njia ya nyuma, tukaingia, tukakaa chini kwenye udongo, watatu, tumeegemea ukuta. Upande wa pili tuliwasikia watu, vicheko, mtu anamkanyaga mwenzake, mwenye duka anawafokea wasivute sigara. Walijua tupo. Hakuna aliyesema. Kisha mashine ikaanza kuvuma, na ule mvumo nikaujua, na shuka likawaka.

Wakapita tembo, ndege wa ziwani, simba mwenye inzi usoni. Vyote vizuri, vimenyooka, maana hivyo alivipiga kwa mkono wake. Watu walikuwa wanamwita kila mnyama jina lake. Mama mkwe alipoona nyati alisema, taratibu, "Wale pale."

Halafu tukaingia sisi.

Yalikuja magoti. Kaniki yangu mpya, na magoti yangu ndani yake, na juu ya magoti miguu miwili midogo imesimama. Upande wa pili watu wakacheka. "Magoti ya nani hayo?" Mtu akasema ni ya fulani, akataja jina langu, na kicheko kikakatika kama kilichofungiwa mlango.

Nilingoja picha ipande. Nilidhani inaanzia chini kisha itapanda. Miguu ikakanyaga, ikageuka, shanga nyekundu zikazunguka kifundo. Sinema ilikuwa na rangi, shanga zilikuwa nyekundu kabisa. Dole gumba lake linajikunja akitaka kujiinua aone zaidi. Pembeni mwa picha, mlango wa gari. Picha ikakatika, ikaja nyingine, magoti tena, miguu tena. Ya faru ilikuwa ndefu. Miguu ilisimama tuli wakati wote, kisigino kimoja kimepanda juu ya kingine.

Mara moja, sikumbuki kama kabla ya faru au baada, alidondosha muhindi wake. Akainama kuuokota. Kichwa chake kikashuka ndani ya picha, utosi, zile nywele ndogo nilizomnyoa nikaacha kishungi mbele. Nikasikia mama mkwe anavuta pumzi. Mkono ukapapasa kaniki yangu, ukaupata muhindi. Sasa atainua uso, nikasema. Akainuka. Aliinuka haraka kama watoto wanavyoinuka, akapanda nje ya picha, ikabaki miguu.

Nilimwomba mwenye duka, kwa kupitia shukani, amwombe Mzungu arudie. Akarudia. Watu wakakaa kimya wakatazama magoti yangu mara nyingine. Nikaomba tena, akarudia tena. Kila mara aliinama, na kila mara nilimwita moyoni ainuke polepole.

Mume wangu hakuwa anatazama mtoto. Alikuwa anatazama chini ya picha, pembeni, ambako palionekana kitu cheusi kidogo, ncha ya ukanda. Akasema neno moja, "Imelowa." Hapo ndipo harufu ya ile asubuhi ikanirudia puani, nikaelewa ilikuwa ya nini. Juu kule kwenye ukungu ngozi ilikunywa maji, ikalegea. Kwenye mawe ya kushuka, shingo ikainama na mzigo wake, kiasi cha upana wa kiganja tu. Chini jua likaikausha, ikajikaza upya pale pale ilipoinamia, ikawa ngumu kama ubao. Ndiyo maana ililia Mzungu alipoigonga. Mume wangu hakuutia ukungu hesabuni, yeye ambaye alikuwa anaujua ukungu ule tangu kuzaliwa. Plau haziendi kule juu.

Mzungu alikuja mlango wa nyuma, akasimama. Alikuwa analia. Alisema kwa Kiswahili chake, "Mimi hapana jua. Mimi hapana ona." Mume wangu akamwambia, "Kazi ni yangu, bwana."

Kiti, Mzungu alikuwa amekitoa kwenye gari siku nyingi. Aliukata ukanda wa kwenye mkono wa chuma, lakini shingo ilikuwa bado imefungwa kama ilivyokuwa. Alikiacha dukani, mwenye duka akatuletea kwenye uzio, akakiweka chini na kuondoka.

Kilikaa uani siku kadhaa. Kila nikikipita nilikiona kimeinamisha kichwa. Asubuhi moja nikamkuta mume wangu amekitia kwenye chungu cha maji, shingo chini. Ngozi ilipolainika akakitoa, akakisimika kwenye udongo, akaiinua shingo, kidogo, kile kiasi cha kiganja, akauvuta ukanda kwa meno. Akakizuia kwa mawe, akakiacha juani. Alikilinda siku nzima, anafukuza kuku.

Jioni kabla jua halijazama akakigonga, kikalia. Akalala kifudifudi nyuma yake, kwenye udongo, akatia jicho juu ya bakuli tupu. Nikaelewa anataka nini. Nilichukua kigoda nikakaa mbele yake, mikono nimeiweka mapajani.

"Siku ile kwenye boneti," nikamwambia, "alikuwaje?"

Akainua kichwa kutoka kwenye bakuli.

"Mimi nilikuwa nimefumba jicho moja," akasema, "kwa sababu ya kutazama. Basi na yeye akaona, akafumba lake. Akawa ananitazama na moja. Lakini hakujua kulifumba vizuri. Mdomo wote ulikuwa umekwenda upande."

"Upande upi?"

Akafikiri. Nilimwona anautafuta.

"Huu," akasema, akanionyesha kwa mdomo wake mwenyewe, amelala pale kwenye udongo, mzee mzima kwa macho yangu, na alikuwa bado kijana.

Nilimtazama sana. Nilijaribu kuutoa mdomo ule kwake niuweke kwa mtoto. Ulikataa, ukabaki wa kwake. Nikamwomba aufanye tena, akaufanya tena, mpaka mama mkwe akatuita ndani tule.